Ghala la Wasioambiwa Kitu

Saa kumi na mbili kamili jioni, siku ya Jumanne, kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo mbele ya duka la magodoro la Mbaruku Ngwali kilikohoa. Mtaa mzima ulishuhudia, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umekaa vibarazani, nyuso zimeelekea kwenye nguzo kama sheria inavyotaka. Waliokuwepo wanakubaliana pia juu ya jambo la pili: Mbaruku hakugeuka. Aliendelea kushona godoro.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina, maana jina lake hubadilishwa kila inapokopa. Kiongozi wake anaitwa Mlezi. Kila jioni Mlezi hulihutubia taifa kwa saa mbili, na taifa huipenda sana Hotuba. Jambo hilo linajulikana kwa sababu Hotuba yenyewe hulitaja mara kwa mara. Jumanne hiyo mada ilikuwa namna bora ya kukaa kwenye kiti, na wananchi, waliokuwa wamekaa, walikuwa wakijifunza.

Askari wa usikivu alimfikia Mbaruku kwa nyuma. Akamwita. Akamwita tena kwa ukali. Kisha akainama, akamchungulia sikioni, akachomoa kipande cha sufi kikubwa kama yai la njiwa.

"Hii ni nini?"

"Sufi, afande."

"Imefikaje sikioni?"

"Mimi fundi magodoro, afande. Sufi haina adabu, inaingia popote."

"Na hii ya sikio la pili?"

"Hiyo imemfuata mwenzake."

Dada yake, Dokta Sikudhani Ngwali, alikuwa amekaa kibaraza cha jirani na aliona yote. Alikuwa mwanasaikolojia wa Taasisi ya Hisia za Taifa, mwanamke mrefu asiyependa neno "labda" ila pale linapostahili, na hapo alilipenda sana. Robo saa kabla ya hapo Mbaruku alikuwa amemnyooshea kiganja chenye sufi na kumwambia, "Dada Siku, chukua kipande basi. Kidogo tu, upumzike." Naye alikuwa amemjibu, "Siwezi kuwa na maoni juu ya kitu nisichokisikia." Kwa miaka yote ya Hotuba hakuwahi kukosa neno hata moja. Ndiyo maana alikuwa na maoni mengi, na yote alikuwa ameyameza.

*

Mahakamani mwendesha mashtaka alisema kwamba Hotuba ni dawa ya huzuni. Mlezi mwenyewe alishasema hivyo, katika Hotuba. Mtu anayekataa dawa makusudi anataka kufa, na anayetaka kufa amejaribu kujiua. Kujaribu kujiua ni miaka kumi na mitano, ili mhusika apate muda wa kuyapenda maisha.

Mbaruku alijitetea mwenyewe. "Mheshimiwa Hakimu, yale ni maneno. Kukataa maneno ni utovu wa adabu."

Utovu wa adabu adhabu yake ni kuiomba nguzo radhi hadharani.

Hakimu Pongwa alikuwa mtu mwangalifu, kwa kuwa alikuwa na watoto wengi na alitamani kuwaona wakikua. Aliinamia kitabu cha sheria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwamba sheria haijui kama Hotuba ni dawa au ni maneno, na kisichojulikana na sheria huulizwa kwa sayansi. Kesi iliahirishwa hadi Taasisi ya Hisia za Taifa itakapotoa jibu. Mshtakiwa alirudishwa mahabusu.

Siku iliyofuata Waziri wa Hisia za Taifa, Mheshimiwa Kasembe Tindwa, alimwita Dokta Sikudhani ofisini. Waziri alikuwa na kawaida ya kusimama anapolitaja jina la Mlezi, na kwa kuwa alilitaja mara nyingi, mazungumzo naye yalikuwa kama mazoezi ya viungo.

"Dokta, Mlezi" (akasimama) "amefurahi mno kusikia kwamba sayansi sasa inataka kumthibitisha." Akakaa. "Taasisi nzima nakukabidhi wewe."

"Mheshimiwa, siwezi kuuongoza utafiti huu. Mshtakiwa ni mdogo wangu, tumbo moja. Matokeo yakiwa ya upande mmoja, atafungwa. Yakiwa ya upande wa pili, atatoka. Mtafiti mwenye maslahi hapaswi kushika kalamu."

Waziri alicheka kwa huruma. "Dokta, tukiwaondoa watafiti wote wenye ndugu ndani, Taasisi atabaki mlinzi. Naye mjomba wake kachukuliwa juzi."

"Basi niambie, Mheshimiwa. Unataka tuchunguze, au tuthibitishe?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo."

"Basi fanyeni yote mawili. Ila muanze na kuthibitisha."

*

Waliyaanza mambo kwa dodoso, kwa sababu dodoso ni rahisi, ni la haraka, na linawafikia watu wengi kwa mara moja. Dokta Sikudhani aliandika swali moja lisilo na mtego: "Wiki iliyopita ulijisikiaje?" Chini yake akaweka majibu matano, kuanzia vibaya sana hadi vizuri sana, katikati kukiwa na wastani. Akalipeleka wizarani lipigwe muhuri.

Lilirudi likiwa limeboreshwa. Swali sasa lilisema: "Hotuba hukufurahisha kiasi gani?" Majibu yalikuwa: sana, sana mno, kupita kiasi, na nakosa maneno kwa furaha.

"Mheshimiwa," alisema kwa simu, "mtu asiyefurahi aweke alama wapi?"

"Nimelifikiria hilo," alijibu Waziri. "Aweke kwenye 'nakosa maneno.' Kisha tutamfuata tumsaidie kuyapata."

Kuhusu ridhaa ya wahojiwa, Bunge liliridhia kwa niaba yao katika kikao kimoja. Kuhusu usiri, wizara ilikuwa kali sana: ilikuwa marufuku mtu kuandika jina lake. Aliandika namba ya kitambulisho, namba ya nyumba, alama ya dole gumba, na jina la jirani atakayethibitisha kwamba ndiye.

Wananchi asilimia mia na nne walijibu. Waziri alieleza kwamba asilimia nne za ziada ni marehemu, waliojibu kupitia familia zao kwa uzalendo. Wote walifurahi sana, sana mno, au kupita kiasi.

Mwendesha mashtaka aliyapeleka matokeo mahakamani ndani ya sanduku lenye utepe. Hakimu Pongwa aliyasoma, akavua miwani. "Mahakama ingependa takwimu yenye aibu kidogo," alisema. Kisha akamgeukia Dokta Sikudhani. "Wewe ni mtaalamu. Unaweza kuapa kwamba hii inaonyesha jinsi watu wanavyojisikia?"

Dokta alimtazama mdogo wake kizimbani. Mbaruku alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimempa umri wa baba yao.

"Siwezi, Mheshimiwa. Dodoso linakupa kile ambacho mtu alitaka uondoke nacho. Ukimwekea na jibu mdomoni, unaondoka na maneno yako mwenyewe."

Kesi iliahirishwa. Waziri hakusema naye kwa siku kadhaa, kipindi ambacho Dokta alikikumbuka baadaye kuwa cha amani.

*

Njia ya pili ilikuwa kutazama bila kuuliza. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini ukimtazama sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji, utaona hali yake ilivyo. Dokta Sikudhani aliomba watazamaji wachache wenye macho tulivu. Wizara ilimpa mia mbili, wote wamevaa makoti ya kijivu, kila mmoja na beji kifuani iliyoandikwa MTAZAMAJI WA SIRI.

Aliomba beji ziondolewe. Ziliondolewa, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Mwananchi ambaye jana alijua amtabasamie nani, leo hakujua, na kwa tahadhari akamtabasamia kila mtu. Watu walitabasamia mbuzi. Walitabasamia masanduku ya posta. Kwenye mazishi ya mwenye mashine ya kusaga, mjane alitabasamu upana wa kutisha, na waombolezaji, kwa kutotaka kupitwa, wakamshinda. Watazamaji wawili walikutana kwenye kona ya soko la samaki bila kujuana. Walitabasamiana kutwa nzima, na jioni kila mmoja akaripoti kwamba amempata raia mwenye furaha isiyo ya kawaida.

"Unaona sasa!" alisema Waziri, akiipunga ripoti hewani.

"Naona, Mheshimiwa. Anayejua anatazamwa hawi yule aliyekuwa hajui. Ningepata watu wasiojua kwamba wanatazamwa, ningekuwa na la kusema."

"Katika nchi hii?"

"Ndiyo tatizo la sampuli yetu."

Waziri alikuwa na jibu tayari. "Basi achana na umati. Tuchukue mtu mmoja, tumchunguze mpaka kwenye mifupa. Nimeshampata."

Alikuwa amempata kweli. Aliitwa Mzee Chikoti, mkazi wa karibu na machimbo ya mawe, na kila jioni alikaa mbele ya nguzo uso ukimeremeta, akitikisa kichwa kwa utulivu pale hasa panapostahili. Katika saa zote mbili hakupiga miayo. Wizara ilikuwa imemtazama kwa miezi, ikaandika kitabu kinene juu ya namna anavyokaa, anavyokunywa uji na anavyolala. Ilikuwa imekataza mtu yeyote asimsemeshe, ili furaha yake isichafuliwe na maswali. Sanamu yake ya shaba, yenye maandishi MSIKILIZAJI BORA, ilikuwa imeshasimamishwa mbele ya Bunge.

Dokta Sikudhani alikwenda kwake bila kuaga wizarani. Alimkuta kibarazani akimenya mihogo.

"Shikamoo mzee."

Mzee aliendelea kumenya.

"Shikamoo, baba!"

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Sema na mimi, mwanangu. Huyo hasikii tangu baruti ya machimbo. Mwaka wa ngapi huu!"

"Na Hotuba?"

"Hotuba gani tena?"

"Jioni huwa anatikisa kichwa."

"Anawaangalia wenzake. Wakitikisa, naye anatikisa. Hapendi kuonekana ana kiburi." Bibi aliketi, akashusha sauti. "Kabla ya baruti alikuwa na usingizi mbaya sana. Ukimgusa tu, anafoka. Sasa hivi malaika."

Dokta alirudi mjini. Mtu mmoja hawezi kulisemea taifa. Hilo angemwambia mwanafunzi yeyote. Lakini mtu mmoja aliyechunguzwa vizuri anaweza kukuonyesha swali ambalo ulikuwa hujalifikiria, na Mzee Chikoti alikuwa amempa swali hilo limekamilika kabisa, huku akimenya mihogo.

Waziri aliposikia, alifunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mkewe, majirani zake, na yeye mwenyewe."

"Sanamu inajua?"

"Sanamu hali yake ni kama ya mzee, Mheshimiwa."

Sanamu iliachwa palepale. Nalo jaribio ambalo Dokta aliliomba papo hapo, la kuwalinganisha wanaosikia Hotuba na wasioisikia, likaruhusiwa, kwa sababu Waziri alikuwa amebakiwa na njia hiyo moja tu, na Mlezi (alisimama) alikuwa ameanza kuuliza.

*

Pembeni mwa mji kulikuwa na maghala mawili ya chumvi, yenye kuta nene, yaliyojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja. Dokta Sikudhani aliyataka yote mawili. Watu wa ghala la kwanza wangeisikiliza Hotuba kila jioni kama kawaida. Watu wa ghala la pili wangepewa chakula kilekile, taa zilezile, vitanda vilevile na magodoro yaleyale, ambayo serikali ilikuwa imeyachukua kwenye duka la Mbaruku kama vielelezo. Saa ya Hotuba wasingeambiwa kitu. Mengine yote yakiwa sawa, tofauti itakayoonekana ingekuwa imeletwa na Hotuba. Hiyo ndiyo nguvu ya jaribio, na hakuna njia nyingine iliyo nayo.

Karatasi ya kuruhusu vipaza sauti viondolewe ghala la pili ilihitaji saini ya Mlezi. Mlezi aliisaini bila kuisoma, katikati ya karatasi za kununua farasi.

Mji ulipopata habari kwamba kuna jengo ambalo Hotuba haiingii, ulifika wote. Watu walikuja na mikeka na masufuria. Walikuja na vyeti vya magonjwa yanayotibiwa na chumvi. Mkuu wa vipaza sauti vya taifa alikuja amevaa miwani ya jua na ndevu za bandia, akaomba nafasi ya wima tu.

Jioni moja, ofisi ikifungwa, Waziri naye akaja.

"Dokta, kuna bibi mmoja, mama mkwe wangu. Yaani, si wangu. Wa rafiki yangu."

"Ana nini?"

"Ana uzalendo. Anataka kulitumikia taifa katika ghala la pili."

"Kura ndiyo itakayoamua, Mheshimiwa. Nikianza kuchagua mimi, matokeo yataonyesha nani ana rafiki, hayataonyesha nani ana furaha."

"Kura haiwezi kushauriwa?"

"Haiwezi."

Waziri alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi hiyo kura ni mpinzani."

Kura ilipigwa uwanjani, mchana, kwa kunde nyeupe na nyekundu zilizochanganywa ndani ya chungu. Kila mtu alichota yake amefumba macho. Waliopata nyekundu, ya ghala la kwanza, walilia, na Dokta aliandika kilio hicho kama hali ya mwanzo. Mama mkwe wa rafiki alipata nyekundu. Waziri alikwenda kusimama nyuma ya mti kwa muda.

Dokta hakutaka kuwauliza watu kama wana furaha. Majibu ya swali hilo alikuwa nayo asilimia mia na nne. Aliamua yahesabiwe mambo yasiyoweza kupiga makofi: usingizi, sahani zilizomalizwa, ugomvi, na vidonge vya kichwa vilivyoombwa kwa muuguzi. Wauguzi wenyewe aliwaleta kutoka wilaya ya mbali. Walihesabu asubuhi, vipaza sauti vikiwa vimelala, na hawakuambiwa ghala lipi ni lipi. Hata yeye hakuingia. Alijua moyo wake uko wapi, na kwa hiyo aliuweka nje ya ghala pamoja na viatu vya wengine.

Siku ya mwisho ilipofika, ghala la kwanza walitoka mbio. Ghala la pili walikataa kutoka. Jeshi lilihitajika. Mume na mke waliokuwa hawasemeshani tangu harusi ya mtoto wao walitolewa wameshikana mikono, na wanajeshi wanne walikutwa saa kadhaa baadaye wamelala ndani, buti zimepangwa vizuri kando ya magodoro.

Hesabu zilirudi zikiwa wazi kupita alivyotegemea, na jambo hilo lilimtia wasiwasi, akazirudia mwanzo hadi mwisho. Hazikubadilika. Ghala la kwanza waliishi kwa vidonge. Ghala la pili muuguzi alikaa bure mpaka akajifunza kufuma.

Kisha akaandika ukurasa wa udhaifu, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Ghala si mtaa. Watu walijua kwamba wako kwenye jaribio. Huenda pia wa ghala la pili walifurahi kwa sababu ya kushinda kura tu.

"Huu ukurasa ni mzuri sana," alisema Waziri. "Tuchapishe huu peke yake."

Kesho yake Dokta alimtembelea mdogo wake mahabusu.

"Imekuwaje, Dada Siku?"

"Takwimu ziko upande wako."

"Mimi nilijua zamani. Bila takwimu."

"Ulijua kwa mtu mmoja, Mbaruku. Mtu mmoja hatoshi."

"Si ndiye mimi mwenyewe? Nimtafute mwingine wa nini?"

Dokta alikaribia kucheka, lakini hakucheka. "Nikiyasema haya Ikulu, naweza kuletwa humu na mimi."

Mbaruku alisogea upande mmoja wa sakafu ya saruji, akapapasa upande alioacha wazi. "Nafasi ipo. Godoro tu ndilo nisilokuahidi, yote umeyachukua wewe."

*

Ikulu alipewa dakika tano. Mlezi alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzuri kwa kweli, na alikuwa amekaa kwenye kiti sawasawa na alivyolifundisha taifa.

Dokta Sikudhani aliyasema bila kupamba. Waliosikiliza walilala vibaya na kuumwa vichwa. Wasiosikiliza walilala, walikula, walipatana. Tofauti ni kubwa, na haielekei kuwa ya bahati. Alipomaliza, Waziri Tindwa alikuwa amesimama kwa dakika zote tano, akiwa hana ujasiri wa kukaa.

Mlezi aliitazama dari.

"Hao wa ghala la pili. Walipewa nini?"

"Hawakupewa kitu, Mtukufu."

"Na waliponaje?"

"Kwa kutopewa kitu."

"Nani aliyeamua wasipewe kitu?"

Waziri akaiona njia, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekuta mlango kwenye ukuta. "Ni wewe, Mtukufu! Saini yako hii hapa!"

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaponya."

"Bila kufungua mdomo, Mtukufu!"

"Bila kufungua mdomo," alisema Mlezi polepole. Wazo lilimpendeza hata akainuka. "Hakuna kiongozi duniani aliyewahi kuponya watu kwa kutosema. Utaitwa Ukimya wa Mlezi. Kila jioni, saa mbili. Kwenye vipaza sauti vyote."

"Mtukufu," alisema Dokta, "ukimya hauhitaji vipaza sauti. Ulikuwepo kabla yetu."

"Ulikuwa wa nani?"

"Haukuwa wa mtu."

"Kitu kisicho na mwenyewe," alisema Mlezi kwa upole, "ni cha serikali."

Dokta Sikudhani alitolewa Ikulu kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakulitegemea. Alishuka ngazi akidhani kwamba Mbaruku ameokoka.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshabadilisha hati. Shtaka la kujaribu kujiua aliliondoa. Sasa ukimya ulikuwa ndiyo dawa, mali ya serikali, na mshtakiwa alikuwa ameitumia kabla haijaidhinishwa, bila kibali, tena masikio yote mawili. Adhabu ilikuwa ileile: miaka kumi na mitano.

"Niliwaambia sufi haina adabu," alisema Mbaruku.

Dokta Sikudhani aliitwa kizimbani. Hakimu Pongwa alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada, kama ni kweli kwamba mshtakiwa aliipata dawa hiyo.

Angeweza kusema hapana, na asingekuwa na ushahidi wa hapana. "Sijui, Mheshimiwa. Wala mwendesha mashtaka hajui. Nilipima watu wasiosemeshwa. Sikupima watu walioziba masikio. Pengine sufi huleta ukimya, pengine huleta mwasho tu. Asiyelijaribu hawezi kulisema, na hakuna aliyelijaribu."

"Kielelezo kipo?" aliuliza Hakimu.

Kililetwa kwenye sahani, vipande viwili. Hakimu Pongwa alivitazama mbele na nyuma, akasema kwamba mahakama italijaribu jambo lenyewe, akaviweka masikioni kimoja kimoja. Akamwashiria mwendesha mashtaka aendelee.

Mwendesha mashtaka aliendelea. Alisema vizuri kuliko siku zote. Alivitaja vifungu, akapiga meza, akanyoosha kidole kwa Mbaruku, akatoa machozi kwa ajili ya taifa. Hakimu alikuwa ameegemea nyuma, amefumba macho, na mikunjo ya paji la uso wake, ambayo makarani walidhani amezaliwa nayo, ilikuwa ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwendesha mashtaka alifunga hoja zake, akaketi akihema. Hakimu hakufumbua macho. Karani alikohoa. Baada ya muda alimgusa bega.

Hakimu Pongwa alichomoa sufi kwa majonzi.

"Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi ambao haikuusikia," alisema. "Na haikusikia hata mmoja. Mshtakiwa aachiwe. Kielelezo kitabaki na mahakama."

Mbaruku na dada yake walitoka nje pamoja. Ilikuwa jioni, na mtaa wa mahakama ulikuwa umeshajaa watu waliokaa vibarazani, kwa kuwa Ukimya wa Mlezi ulikuwa unaanza siku hiyohiyo. Askari wa usikivu aliwaonyesha ngazi za mahakama. Wakaketi, nyuso zimeelekea kwenye nguzo. Dokta alitaka kumwambia mdogo wake kitu, lakini saa ilikuwa imefika.

Saa kumi na mbili kamili kipaza sauti kilikohoa.

"Wananchi wenzangu," ilisema sauti ya Mlezi. "Kabla hatujaanza kunyamaza, ningependa kusema machache kuhusu ukimya. Machache haya nimeyagawa katika sehemu tisa."

Mbaruku aliingiza mkono kwenye mshono wa suruali yake, mahali ambapo polisi wa mahabusu hawakufikia kupekua, akatoa kipande cha sufi. Alikuwa anakigawa kwa ajili ya masikio yake mawili alipouona mkono wa dada yake. Ulikuwa umewekwa juu ya ngazi kati yao, kiganja wazi, huku mwenyewe akiitazama nguzo.

Akakata kipande chake tena katikati, akampa.